Mti Namba Kumi na Saba

Mama Futi hakuzaliwa na jina hilo, na mwanawe wa kwanza haitwi Futi, ingawa wageni wa mtaa huuliza sana hali ya huyo mtoto. Jina alibandikwa na wateja kwa sababu ya futi kamba ambayo haikumtoka shingoni kuanzia asubuhi mpaka jioni. Aliivaa kazini, aliivaa sokoni, na siku moja aliivaa mazikoni, akashtuka alipoinama kutupa udongo na ncha ya futi ikatangulia kaburini. Tangu siku hiyo alijitahidi kuivua kila alipotoka dukani. Alijitahidi kwa wiki moja hivi.

Duka lenyewe lilikuwa chumba kimoja cha kona: cherehani mbili, moja ya kazi na moja ya kunyofolewa vipuri, meza ya kukatia, pazia la kubadilishia nguo, kioo kirefu chenye ufa, ambao kila mteja alijisogeza huku na huku ili usimpitie tumboni, na dirisha moja linalotazama barabarani. Alishona nguo za wanawake tu. Wanaume, alisema, hawana kona wala mteremko, kumshonea mwanamume ni sawa na kushona foronya.

Ukimuuliza kazi yake ni nini, hakusema kushona. Alisema ni kunyamaza. Kwa miaka thelathini ile chini ya futi kamba alikuwa amejua nani ana mimba kabla mume hajajua, nani amekonda kwa mawazo, nani anavaa nini ndani ili aonekane vipi nje. Katika daftari lake hapakuwa na jina la mtu hata mmoja. Kila mteja alipewa kadi iliyokatwa kwenye karatasi ngumu ya jora la kitambaa, na juu yake namba. Ukija, unataja namba, yeye anafungua daftari: namba, KF, KN, NY, yaani kifua, kiuno, nyonga, halafu mwishoni nafasi ya maoni. Mumewe, dereva wa lori, aliwahi kumtania amwambie yule jirani mnene ana kiuno cha sentimita ngapi. Alikula chakula cha baridi siku mbili, na swali hilo hakulirudia.

Mteja namba kumi na saba alikuwa mke wa ofisa wa mipango miji, yule ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Mipango. Mama huyu alikuwa na bega la kushoto lililoshuka kidogo tangu kuzaliwa. Kila gauni lake Mama Futi alilitilia pedi nyembamba upande huo, na ukimwona akipita njiani ungeapa mabega yake yamenyooka.

"Hilo la bega libaki kati yetu," mama huyo alimwambia siku ya kwanza, akifunga vifungo mbele ya kioo. "Hata mume wangu usimwambie."

"Kwani mwenyewe hajui?"

"Hajawahi kutazama."

Mama Futi akachukua kalamu, akaandika kwenye maoni: bega la kushoto limeshuka, lifichwe. Akafunga daftari, na mdomo.

Sasa lile dirisha. Mwaka ambao uzi ulianza kumgomea kuingia kwenye tundu la sindano, daktari wa macho alimwambia kila baada ya saa moja ainue kichwa, atazame mbali kwenye kijani, walau dakika kumi. Mama Futi akauliza mbali wapi. Daktari akamjibu popote pasipo na ukuta. Katika mtaa ule mahali pasipo na ukuta palikuwa pamoja tu, nalo dirisha lake lilipatazama: msitu ng'ambo ya barabara, uliobaki hapo tangu mji unapimwa, ukianzia nyuma ya soko na kuteremka hadi kijitoni. Watoto walipita humo kwenda shule. Vibarua walilala humo adhuhuri, kofia usoni. Wanafunzi wa mitihani walitembea humo wakijipigia kelele masomo yao, na wapenzi walikaa humo wakiamini hakuna anayewaona. Mama Futi aliwaona wote. Akipumzisha macho alijua nani anamchumbia nani mwezi huu, na hilo pia hakulisema.

Macho yake yalipona. Kwa hiyo mtu akikuambia yule mama alipigania miti kwa sababu anapenda ndege, mwambie hapana. Alipigania riziki yake. Fundi asiyeona hana tofauti na mteja, na ukuta wa mita tatu mbele ya dirisha lile ungemfunga macho na duka siku moja.

Habari zilikuja kwa bango. Lilisimikwa kando ya barabara asubuhi moja, limepakwa rangi nzuri, na wifi yake ndiye aliyelisoma kwa sauti. Huyu wifi, dada wa mumewe, alikuwa mpokezi wa zahanati ya mtaa, mrefu, mwembamba, mwenye ulimi ambao haukulala.

"Mradi wa ubia," Wifi alisoma. "Hoteli na Maduka ya Msituni. Mji utatoa kiwanja. Mji utakata miti na kung'oa visiki. Mji utaleta barabara, maji na umeme. Mji utachangia nusu ya gharama za ujenzi kutoka mfuko wa maendeleo."

"Na mwekezaji?"

"Subiri, maandishi ni madogo. Mwekezaji atatoa wazo na uzoefu."

Mama Futi alilitazama bango juu mpaka chini. "Wazo."

"Na uzoefu."

"Uzoefu wa kupewa."

Wifi hakucheka. Mfuko huohuo wa maendeleo, kila mwaka kwa miaka minne, ulikuwa umekosa hela ya paa la wodi ya wazazi, na yeye ndiye aliyehamisha ndoo kufuata matone. "Kumbe fedha zipo," alisema. "Zilikuwa zinamsubiri mwenye wazo."

Walikwenda ofisi ya mji kuuliza. Wakaonyeshwa ripoti, na katika ripoti yote hapakuwa na neno msitu. Palikuwa na neno kichaka. Kichaka hiki, kichaka husika, kichaka tajwa. Karani wa masijala, mzee mpole mwenye miwani mbili, moja puani na moja juu ya kichwa, aliwaeleza siri ya neno hilo. Sheria ndogo ya mji ilisema mahali penye miti isiyopungua mia mbili, kila mmoja ukiwa na mzingo wa sentimita tisini au zaidi ukipimwa kwenye kimo cha kifua, ni msitu, na msitu haugawiwi mtu. Chini ya hapo ni kichaka, na kichaka ofisi hufanya itakavyo.

"Kama ni kichaka," Mama Futi akauliza, "mbona hoteli haiitwi Kichakani?"

Karani akahamisha miwani. Aliwaambia tu kwamba pingamizi hupokelewa mpaka Ijumaa saa sita mchana, kwa maandishi, pamoja na vipimo vya mti mmoja mmoja.

Hapo ndipo mtu mwingine angekata tamaa. Mama Futi alikuwa amesikia neno vipimo, na zaidi ya hapo amesikia neno kifua. Alitoka ofisini akitembea kama mtu aliyeambiwa mtihani utakuwa wa somo analolifundisha.

Jumapili asubuhi wakavuka barabara, yeye na wifi yake, futi kamba shingoni na chaki ya ushonaji mfukoni. Mti wa kwanza tu, wakagombana.

"Kimo cha kifua," Wifi alisema. "Kifua cha nani? Changu na chako havikutani."

Ilikuwa kweli. Mahali kifua cha Wifi kilipoanzia, kichwa cha Mama Futi kilikuwa kimeshakwisha. Na mti ni mnene chini kuliko juu, kwa hiyo kifua kifupi kingewapa sentimita za bure. Wifi aliona neema hiyo mara moja.

"Tupime kwenye chako, wifi yangu. Nani atajua?"

"Nitajua mimi. Sijawahi kumpunja mteja wala kumwongezea, sitaanza na miti. Simama hapo, tunapima kwenye chako."

Wakapima kwenye kifua cha Wifi, kile cha juu, siku hiyo na nyingine nne zilizofuata baada ya kazi. Futi kamba ya fundi huishia sentimita mia moja na hamsini, na ilipogota, Mama Futi aliweka kidole gumba, akaizungusha tena, akajumlisha kichwani. Alizungumza na miti kama alivyozungumza na wateja. Simama wima. Pumua kawaida. Usijivute tumbo, nitajua. Wanafunzi wa mitihani waliacha kelele zao, wakamuuliza anaushonea mti nini, akawajibu gauni la harusi, na mmoja akauliza kwa adabu kama kitambaa kitatosha.

Kila mti uliopimwa uliandikwa namba kwa chaki na kuingizwa kwenye daftari jipya. Alichora safu zake zilezile, KF, KN na NY, kwa mazoea ya mkono, mbili za mwisho zikabaki tupu. Kwenye maoni aliandika: magome yanabanduka. Au: umeinamia barabara. Au: wawili wamekumbatiana, wamepimwa kila mmoja peke yake. Usiku wa mwisho walijumlisha, wakapata miti mia mbili ishirini na sita iliyofuzu. Wifi akacheza dansi kidogo kati ya cherehani mbili. Mama Futi akachukua kipande cha kitambaa cha maua kilichobaki, ambacho hakuwa na moyo wa kukitupa, akalivika daftari jalada safi. Kitambaa hichohicho ndicho alichokuwa amelivika daftari la wateja mwaka uliopita. Fundi hatupi kitambaa.

Msomaji umeshaona tunakokwenda. Wao hawakuona.

Ijumaa Mama Futi alikuwa na magauni sita ya harusi ya kesho yake, pini mdomoni. Wifi alipoingia mbio, akiwa ameomba ruhusa ya nusu saa zahanati, alielekezwa kwa kidevu tu.

"Daftari lipo mezani. Lile la maua."

Wifi akachukua la maua, akakimbia. Lilipokelewa saa sita kasorobo, likagongwa muhuri, na akarudi na stakabadhi akiipeperusha juu ya kichwa.

Saa tisa akaja mteja kulegezewa sketi. Alitaja namba sitini na mbili. Mama Futi akafungua daftari lililobaki mezani, akapata namba sitini na mbili, akasoma maoni: umeoza upande wa nyuma, ndege wametoboa.

Akafunga daftari taratibu.

"Kuna nini?" mteja aliuliza.

"Hakuna kitu, mama. Hujabadilika."

Jumatatu mlango wa ofisi ulipofunguliwa alikuwa wa kwanza. Alimweleza karani kwamba daftari lililoletwa siyo, na kwamba lenyewe ndilo hili hapa. Karani alimsikitikia kwa dhati. Lakini kilichogongwa muhuri ni mali ya kikao cha kusikiliza pingamizi, alisema, hakitoki mpaka kikao kiishe, na muda wa kuleta kingine umepita.

"Unachoweza ni kuliondoa pingamizi," alisema, akachukua kalamu. "Ila mama yangu, hakuna pingamizi jingine lililoletwa. Ukiliondoa hili, hakuna kikao, mradi unapita wenyewe. Unaliondoa?"

Mama Futi alitazama ile kalamu. "Siondoi kitu, baba. Nilikuja kusalimia tu."

Wiki ile alishona kwa kichwa, bila daftari, na mambo yakawa yanaendelea kwa Mungu tu. Mikono ilijua kazi, lakini roho ilikuwa juu juu. Zaidi ya karani, alimwambia Wifi peke yake. Wifi alilia, akacheka, akalia tena, kisha akasema labda hawatalisoma, maana ofisi ile haisomi vitu. Hilo ndilo lililokuwa tumaini lao lote: kwamba vipimo vya wanawake mia mbili na ushee vingehesabiwa kwa kurasa na kurudishwa kimya kimya. Mama Futi akisema ukweli, msitu umekwenda. Wakilisoma, wamekwenda wateja, na lile jina la kunyamaza alilolijenga miaka thelathini.

Kikao kilikaa Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa shule. Ukumbi ulijaa, wengi wao wanawake, na Mama Futi hakuhitaji kuwahesabu, alizitambua nguo. Mbele alikaa Mwenyekiti wa kikao, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa makamo aliyevaa gauni la kijivu lenye mishono miwili mizuri kiunoni. Mama Futi aliijua mishono hiyo kwa sababu ni yake. Pembeni alikaa mwekezaji, ananukia vizuri, hana karatasi hata moja. Wazo bila shaka lilikuwa kichwani. Mstari wa tatu alikaa mke wa Bwana Mipango, mabega yamenyooka.

Bwana Mipango alisimama. Alikuwa mwanamume nadhifu, mwenye sauti ya kutangaza matokeo. Mkononi alishika daftari la maua.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alianza, "wapingaji wameleta vipimo vya miti mia mbili na kumi na minne. Ofisi yangu haikudharau. Tulilichukua daftari hili mkononi, tukaingia uwandani, tukahakiki mti mmoja mmoja. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Kwa masikitiko nasema wamepiga chuku. KF, yaani kifua, wameongeza kila mahali."

"Na hizi KN na NY?" Mwenyekiti aliuliza.

"KN ni kina cha mizizi. NY ni," akapepesa macho kidogo, "ni nyasi zinazouzunguka mti."

Wifi alimfinya Mama Futi paja. Mama Futi hakuhisi.

Bwana Mipango akafungua ukurasa. "Namba tisa. Wameandika mia moja na nne. Uwandani tukakuta sabini na moja. Maoni yao wenyewe: ipunguzwe chini, anakokota. Wanakiri matawi yanaburura chini, Mheshimiwa. Hicho ni kichaka."

Mahali fulani katikati ya ukumbi, mwanamke mmoja mfupi alifungua pochi yake, akaitazama kadi, akaifunga.

"Namba ishirini na mbili. Wameandika tisini na sita. Sisi sitini na nane. Maoni: mwezi wa tano, iachwe nafasi mbele. Nadhani mti huu huzaa mwezi wa tano."

Pochi nyingine tatu zikafunguka. Mnong'ono ulianza kupita kwenye mistari ya wanawake, wanaume wakageuka kuuliza kuna nini, wasijibiwe. Wapo waliojiinamia kwa aibu. Wapo pia, lazima niseme ukweli, waliokaa vizuri zaidi kwenye viti waliposikia ofisi ya mji imewapunguza sentimita thelathini.

Mama Futi alikuwa anamtazama Bwana Mipango, na hofu ilikuwa inakipisha kitu kingine. Alikuwa ameshaelewa. Mtu huyu hakwenda msituni. Hakwenda hata siku moja. Alikaa kwenye kiti chake, akachukua kila namba, akaikata theluthi, akaita hayo uhakiki. Angevuka barabara tu akapima miti yenye namba za chaki, angeona hakuna hata mmoja unaolingana na daftari. Uongo wote ulikuwa pale mkononi mwake, umefungwa kitambaa cha maua, na dawa yake ilikuwa sentensi moja.

"Namba kumi na saba," Bwana Mipango aliendelea. "Wameandika mia moja na kumi na saba. Huu nakumbuka niliupima kwa mikono yangu mwenyewe. Sabini na nane. Na sikilizeni maoni: bega la kushoto limeshuka, lifichwe. Yaani mti umeinama kushoto, na wapingaji wanashauriana waufiche."

Watu wa mbele walicheka. Mstari wa tatu, mabega yaliyonyooka hayakutikisika.

Mama Futi akajikuta amesimama. "Mheshimiwa, huyu bwana hakwenda msituni."

Mwenyekiti alimtazama juu ya miwani. "Hiyo ni tuhuma nzito, mama. Una ushahidi?"

"Ninao."

"Utoe."

Alifungua mdomo. Sentensi ilikuwa imeshafika kwenye ulimi: hilo ni daftari la wateja wangu. Halafu wangemuuliza wateja gani. Halafu namba kumi na saba ni nani. Aliuona mgongo wa yule mama mstari wa tatu, na pedi aliyoishona kwa mkono wake chini ya kitambaa, na akaona pia dirisha lake na ukuta wa mita tatu. Machozi yakamlenga, akayakasirikia.

"Siwezi kuutoa, Mheshimiwa," alisema. "Si wangu."

"Mama, bila ushahidi nitalazimika kupokea vipimo vya ofisi. Unaelewa maana yake?"

"Naelewa."

"Na bado?"

"Na bado, Mheshimiwa. Naomba radhi."

Akaketi. Wifi alimgeukia kwa macho ya kutaka kumnyonga, kisha akamshika mkono. Bwana Mipango alitabasamu, akalamba kidole, akageuza ukurasa.

"Namba kumi na nane," alisema.

"Bado hujamaliza kumi na saba."

Haikuwa sauti kubwa. Mkewe alikuwa amesimama mstari wa tatu, pochi mkononi. Alitoa kadi ya karatasi ngumu, akaiinua ili Mwenyekiti aione.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mti namba kumi na saba ni mimi. Hilo ni daftari la fundi wangu wa nguo. KF ni kifua, KN ni kiuno, NY ni nyonga, si nyasi. Bega la kushoto hili hapa." Akaingiza mkono kwenye kola, akavuta ile pedi, akaiweka juu ya kiti cha mbele yake. Bega likashuka kidogo, mbele ya mtaa mzima. "Na huyu bwana anasema amenipima kwa mikono yake. Ni mume wangu, miaka ishirini na mmoja. Muulizeni amenipima lini."

Kicheko kilichopasuka pale kilisikika, wanasema, mpaka sokoni. Wanawake walivunjika mbavu, pochi zikafunguka bila siri sasa, kadi zikapungwa juu, na mmoja alisikika akidai kwamba yeye ni mti namba tisa na hakokoti tena. Bwana Mipango macho yalimtoka pima. Aliangalia daftari, akamwangalia mkewe, akaangalia tena daftari, na inasemekana hapo ndipo alipolisoma kwa mara ya kwanza.

Mwenyekiti aligonga meza. Alinyoosha mkono, akalichukua daftari, akalifungua ukurasa mmoja tu, karibu na namba arobaini na moja, akalifunga kwa haraka, akalikalia.

"Hili halitasomwa tena na mtu yeyote," alisema. "Kikao kinahamia msituni, sasa hivi, tukapime wenyewe. Bwana, wewe utashika ncha ya futi."

Wakavuka barabara wote, ukumbi mzima, na Mama Futi mbele na futi kamba yake. Mti halisi wenye namba kumi na saba kwa chaki ulihitaji futi izungushwe mara moja na kitu, na Bwana Mipango ndiye aliyekumbatia upande wa pili. Walipofika mti wa mia mbili Mwenyekiti alisema inatosha, miguu inamuuma, na neno kichaka likafutwa kwenye ripoti kwa kalamu nyekundu palepale juu ya kisiki. Mwekezaji aliulizwa kama yuko tayari kujenga mahali pengine kwa fedha zake. Alisema atalifikiria wazo hilo, kisha akaingia mitini, nami sina maana ya miti ile.

Watu walipoanza kutawanyika, Mama Futi alimkuta namba kumi na saba amekaa peke yake kwenye mzizi, anatazama kijani, bega lake limeshuka linavyotaka. Akakaa karibu naye.

"Nisamehe, mama," alisema. "Siri yako imetoka kwenye duka langu."

"Haikutoka kwako. Nilikusikia."

"Na nyumbani utarudije leo?"

"Kwa miguu. Nyumba ni yangu, ya kurithi. Yeye ndiye wa kufikiria atarudije."

Wakacheka kidogo, kwa kuchoka. Mama Futi akaifuta chaki mikononi. "Lakini ulikuwa huna haja ya kusimama. Hakuna aliyekutaja. Mbona ulisimama?"

Yule mama akamgeukia, akamtazama kama aliyeulizwa jambo ambalo hata mtoto angelijua.

"Kwa sababu wewe ulikaa."